Kabati la Jikoni Limeshikwa na Nini?

Kabati la ukutani halianguki siku linapotundikwa. Siku hiyo ni tupu na kila mtu analisifu. Huanguka wiki au miezi baadaye, likiwa limejaa vyombo, na pengine mtoto amekaa chini yake.

Familia moja ya Tabora mjini ilinusurika kwa sababu ya mwanya mwembamba tu. Walikuwa wamegawa sebule kwa ukuta wa bodi za jipsamu ili wapate jiko la ndani. Mama akaagiza kabati la mninga, mbao inayoupa sifa mkoa wao. Fundi alitoboa bodi, akaingiza plagi za plastiki, akakaza skrubu nne, akalipwa na kuondoka. Mama akapanga sahani na bakuli, na dumu la asali akaliweka rafu ya juu kabisa, mbali na watoto.

Wiki ya tatu aliona mwanya kati ya kabati na ukuta, kwa juu. Akamwonyesha mumewe.

"Ni mbao zinakauka, mama watoto," mume akajibu. Hela ya fundi ilikuwa imeshatoka, na ada ya shule ilikuwa inadaiwa.

Aliyemaliza ubishi ni babu wa watoto, seremala mstaafu, aliyekuja kuwatembelea kutoka Sikonge. Baada ya shikamoo na marahaba, aligonga ukuta kwa kidole. Ukalia kama ngoma.

"Wanangu, mmetundika kwenye ngozi," alisema. "Mifupa iko wapi?"

Wakiwa bado wanazungumza, mjukuu wa miaka minne alikuwa ameshapanda juu ya meza ya jikoni, mkono mmoja kwenye mlango wa kabati, akiitafuta asali. Baba yake alimshusha bila kusema neno. Jioni hiyo vyombo vyote viliteremshwa.

Mzazi, piga hesabu ya uzito. Sahani moja kubwa ya udongo hukaribia nusu kilo; sahani 24 ni kama kilo 12. Ongeza bakuli, vikombe, asali na kabati lenyewe la mbao ngumu, utapita kilo 30 kwa urahisi. Huo ndio mzigo ambao mpagazi wa Kinyamwezi aliubeba zamani katika njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji. Mpagazi alitua mzigo kila jioni. Ukuta hautui.

Wazee wa Tabora walijenga tembe kwa kuta nene za udongo. Jumba la Kwihara, nje kidogo ya mji, alimokaa Livingstone mwaka 1872, ni la aina hiyo. Bodi ya jipsamu kwa kawaida ina unene wa milimita 12 hivi, na ndani yake ni unga uliogandishwa kati ya karatasi mbili. Nguvu ya ukuta huo iko kwenye nguzo zilizojificha nyuma ya bodi.

Babu alizitafuta kwa sumaku ndogo. Kila iliponasa palikuwa na kichwa cha skrubu ya bodi, na skrubu hizo hufuata nguzo kutoka juu hadi chini. Nguzo nyingi hupishana sentimita 40 au 60. Akazima umeme kwenye swichi kuu, akakwepa sehemu zilizo juu na chini ya soketi, kwa kuwa nyaya hupita humo. Kisha akafunga ubao wa mninga kwa kulala, kutoka nguzo hadi nguzo, kwa skrubu ndefu zilizozama sentimita 4 ndani ya mbao za nguzo. Kabati likakalia ubao huo kwa chini, na kwa juu likafungwa tena kwenye nguzo zilezile.

Kama nguzo ni za bati jembamba, fungua bodi na upachike mbao ndani kati ya nguzo, kisha ufunike. Kama ukuta ni wa tofali za tope, plagi ndogo huzunguka kwenye vumbi na kutoka. Afadhali kabati lisimame sakafuni na lifungwe ukutani ili lisipinduke. Kama mnapanga na hamruhusiwi kutoboa, kabati la chini linatosha.

Vyombo vizito vikae rafu za chini. Na kitu ambacho mtoto anakipenda kisiwekwe juu, maana huko kinamwalika kupanda. Katika nyumba ile asali sasa iko chini, kwenye kabati lenye kufuli.

Kabla hujamlipa fundi, muulize swali moja tu: hizi skrubu zimeshika nini? Akijibu "ukuta", mwambie akuonyeshe nguzo.