Ukingo wa Nyumba

Liko neno tulilolisema siku moja, nalo latuchoma hata leo. Tulisema, "Ajali haina kinga."

Tulikuwa tukijenga nyumba ya ghorofa moja huko Mbagala, katika wilaya ya Temeke. Masika yalikaribia, nasi tulitaka lipu ya nje imalizike upesi. Fundi alituomba mirunda mingine kumi na kamba mpya za kufungia jukwaa. Tukamjibu, "Ile ya zamani yatosha. Fanyeni haraka."

Kesho yake kijana aliyemsaidia fundi alipanda na karai la lipu. Ubao usiofungwa ukateleza, wala hapakuwa na mti wa kujishikia. Akaanguka kiasi cha mita 6.

Mita 6 si nyingi machoni. Lakini aangukaye kutoka huko hufika chini kwa sekunde moja na kidogo, akaipiga ardhi kwa mwendo wa karibu kilometa 40 kwa saa. Hakuna mkono uwahio kumdaka.

Hakufa, tunamshukuru Mungu; lakini uti wa mgongo ulivunjika, na miguu haikumtii tena. Mama yake alipofika, fundi alikuwa amekwisha kumweleza yote. Hakututukana. Aliuliza tu, "Mwalimu, ile miti kumi ilikuwa shilingi ngapi?" Tuliinamisha kichwa.

Sheria ya nchi ya mwaka 2003 juu ya usalama na afya mahali pa kazi yamtaka mwajiri awalinde wamfanyiao kazi. Ile ya mwaka 2008 ilianzisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Lakini kijana wetu alikuwa kibarua wa kutwa, hakuandikwa popote. Tena zamani sana, katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, mwenye kujenga nyumba aliagizwa kuzungushia dari ukingo, asije akapata hatia ya damu mtu akianguka. Tulikuwa tumeisoma sura hiyo mara nyingi.

Vijana wa vijiji vyenu huja Kinondoni na Temeke kutafuta vibarua vya ujenzi. Basi, ndugu ujengaye, fundi akikuomba mti, mpe. Kabla hajapanda, litikise jukwaa kwa mikono yako mwenyewe. Kinga ilikuwako, sisi tuliinyima fedha.