Orodha ya Guangzhou

Jumapili, 9 Machi 2025

Shemeji anasafiri katikati ya Aprili kufuata mzigo wa duka lake la Kariakoo, na amekubali kuvibeba vifaa vya klabu yetu ya mpira wa meza. Ana sharti moja. "Usiniandikie 'raketi nzuri'. Guangzhou kila kitu ni kizuri mpaka ukifungue nyumbani. Niandikie jina, rangi, unene na idadi." Wazazi wameshachanga. Fedha si nyingi, lakini zipo, na sasa hakuna wa kumsingizia.

Nimeanza na kabati. Raketi zilizomo nyingi ni za seti, zile zinazouzwa mbilimbili na vipira vyake ndani ya mfuko wa plastiki. Raba zake zimekauka na zinang'aa. Nikiulaza mpira juu ya raba, nikaukandamiza kwa kiganja na kuusukuma, unateleza tu. Raba iliyo hai ingeushika, mkono ungesikia ubishi. Kwenye majalada zimechorwa nyota nne, nyingine tano. Hizo kila kiwanda hujigawia chenyewe. Anachotafuta mwamuzi ni alama ya ITTF, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, iliyopigwa kwenye raba pale karibu na mpini, na kwenye raketi hizi nyingi haipo kabisa.

Mtoto anayejifunzia raba ya namna hii hawezi kujua mzunguko wa mpira ni nini. Anaparaza, mpira hauzunguki, anaacha kuparaza. Baada ya miezi michache anapiga kila mpira bapa, na kumtoa huko ni kazi.

Jumanne, 11 Machi

Siku hizi tunacheza baada ya tarawehe, ukumbi una watu kuliko kawaida. Kijana mmoja mrefu wa klabu amekuja na simu mkononi. "Kocha, nimeiona. Viscaria ya Butterfly. Zhang Jike kachukulia dhahabu ya London 2012 na ubao huu huu."

Ni kweli. Ni kweli pia kwamba Zhang Jike alipoushika alikuwa na mkono uliofundishwa tangu utotoni, kila siku, na watu wenye mishahara ya kazi hiyo. Nikamweleza ubao wa kaboni unafanya nini. Ndani ya mbao kunalazwa kitambaa chembamba cha nyuzi za kaboni. Kanuni inataka angalau asilimia 85 ya unene wa ubao iwe mbao halisi, na kila safu ya nyuzi isizidi milimita 0.35. Safu nyembamba namna hiyo inatosha kuufanya ubao ukakamae: haupindi mpira unapogonga, kwa hiyo mpira unaondoka mapema na kwa kasi, na sehemu ya ubao yenye nguvu inatanuka kuelekea kingo. Anayejua anakotaka kuupeleka mpira anafaidi. Anayebahatisha, mpira unakuwa umeshaondoka kabla mkono haujaamua.

"Lakini Kocha, mimi napiga kwa nguvu."

Hapo ndipo penye shida. Nimewatazama wengi waliopewa raketi kali mapema. Wiki ya kwanza mipira inatoka nje ya meza. Wiki ya pili wanaanza kuufupisha mkono, wanaugusagusa mpira ili ubaki ndani. Kufikia mwezi hawana tena pigo kamili, wana woga wenye mpini. Raketi ya polepole inamlazimisha mtu amalize pigo lake, kwani asipomaliza mpira unaishia kwenye wavu.

Hakuridhika. Nimemwandika kwa alama ya kuuliza.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeshaamua kuhusu wanaoanza: ubao wa mbao tupu, tabaka tano, daraja la ALL, yaani la kasi ya wastani, uzito kati ya gramu 80 na 85 kwa sababu ya vifundo vya mikono ya watoto. Stiga wana Allround Classic, ubao wa miaka mingi ambao makocha wa Ulaya bado wanauagiza. Wachina wana mbao za aina hiyo kwa bei ndogo zaidi, na kwa fedha zetu ndizo tutakazochukua. Mpini uliotanuka chini, ule wa FL, kwa wote. Wenye viganja vikubwa watauomba ulionyooka wenyewe baadaye.

Katika kusoma majina ya mbao nimekuta habari iliyonichekesha. Tabaka la nje la mbao nyingi za namna hii ni limba au koto, na kiini ni ayous. Miti hiyo yote ni ya misitu ya Afrika Magharibi na Kati: limba Kongo wanaijua vizuri, na ayous ya Kameruni ndiyo obeche ya Nigeria na wawa ya Ghana. Gogo linatoka kwetu kwa meli, linakwenda kukatwa Sweden au China, kisha Shemeji ananirudishia vipande vyake ndani ya katoni la vitenge. Ayous inapendwa kwa sababu ni nyepesi na ina hewa ndani, koto ni ngumu kuliko limba na hutoa mpira haraka. Anayetaka kuusikia mpira kiganjani apewe limba.

Ijumaa, 21 Machi

Leo nimewafanyia wakubwa jaribio. Mbao mbili za aina moja, raba za jina moja, lakini sponji iliyo chini ya raba tofauti: moja milimita 1.5, nyingine 2.1. Nikawaficha unene kwa utepe wa pembeni, wakapiga kwa zamu.

Wote walisema ile nene "ina moto". Nikawaomba wanipigie mipira kumi mfululizo mezani. Wakanyamaza.

Sponji inafanya kazi kwa kubonyea. Ukipiga polepole, mpira unazama kwenye sponji na kurushwa nayo. Ukipiga kwa nguvu unapita mpaka kwenye ubao. Kwa sponji nyembamba mpira unafikia ubao mapema, kwa hiyo unachokisikia ni mbao, na kasi inatoka mkononi mwako. Sponji nene inaongeza kasi yake juu ya yako, na inauchukua mzunguko wa mpinzani na kukurudishia wewe kabla hujauomba. Kupokea kwa raba nene mpira wa kuanzishia uliokatwa, yaani unaozungukia nyuma, ni mtihani, hata kwa watu wazima.

Zamani unene haukuwa na mpaka. Mwaka 1952 kule Bombay, Hiroji Satoh wa Japani aliingia kwenye mashindano ya dunia na raketi iliyovikwa sponji, akawashinda wakubwa wote. Wapinzani walizoea kusikia mlio wa raba ya vipele, na raketi yake haikulia. Ugomvi wa sponji ukaendelea mpaka mwaka 1959, ITTF walipoweka mpaka: raba na sponji na gundi, vyote pamoja visizidi milimita 4. Mpaka huo ndio tulio nao hadi leo, na ndiyo maana kwenye katalogi utaona neno "max" badala ya namba.

Kwa hiyo wanaoanza 1.5 au 1.8. Wa kati 2.0, na mimi sioni sababu ya kwenda juu zaidi mpaka mtu aweze kuparaza mpira uliokatwa mara nyingi mfululizo bila kukosa. Raba yenyewe iwe laini ya wastani: Mark V ya Yasaka, iliyotoka mwaka 1969, au Sriver ya Butterfly, ya 1967, bado zinafundisha vizuri. Hurricane 3 ya DHS ni ya bei rahisi na inanata, lakini sponji yake ngumu inamtaka mtu anayezungusha kiuno. Mtoto wa miaka kumi akiipiga kwa mkono peke yake ataona raba imekufa.

Alhamisi, 3 Aprili

Idi imeisha, ukumbi umerudia hali yake. Mzee wa Upanga amekuja. Nikampa shikamoo, akanijibu, akakaa kwenye benchi na raketi yake kwenye soksi. Anacheza na raba ya vipele virefu isiyo na sponji upande wa bekihandi. Amewatoa jasho vijana wenye nusu ya umri wake bila kusogea hatua mbili.

Amemwona binti yetu mfupi. "Huyu mpe vipele," kaniambia. "Unamkumbuka Deng Yaping? Mita moja na nusu, dhahabu nne za Olimpiki. Bekihandi yake vipele virefu. Kimo si kitu."

Najua hoja yake, na ina nguvu. Vipele virefu vinapinda, haviushiki mpira. Mpinzani akiparaza kwa nguvu, mpira unamrudia na mzunguko wake ule ule, sasa ukiwa umekatwa. Akikata, unarudi ukielea. Kwa mtoto asiyefika kwenye mipira mirefu ni silaha. Na tangu miaka ya 1980 kanuni imewalinda wapinzani: pande mbili za raketi lazima ziwe za rangi tofauti, kwa sababu kabla ya hapo watu waliweka raba mbili za tabia tofauti zenye rangi moja na kuigeuzageuza raketi chini ya meza. Moja nyeusi, ya pili rangi kali; zamani nyekundu tu, tangu mwaka 2021 hata bluu, kijani, waridi na zambarau.

"Mzee," nikasema, "mwakani."

"Mwakani atakuwa ameshazoea."

"Azoee kwanza kuutengeneza mzunguko wake mwenyewe. Vipele vinatumia wa mwingine. Akikutana na asiyempa mzunguko atafanya nini?"

Akacheka, akasema makocha wote wa raba laini wana maneno hayo. Hatukuafikiana. Baadaye akamwazima binti raketi yake kwa dakika chache, na binti akamrudishia mipira mitatu iliyomshinda kijana mrefu. Nilimwona Mzee ananitazama. Bado nasema mwakani.

Jumanne, 8 Aprili

Masika imeshika. Mipira inalowa unyevu, raba zinakosa ushikaji hata zikiwa mpya, kila mtu anafuta raketi kwenye fulana. Nimewaambia waifute kwa sponji yenye maji kidogo na kuifunika kwa karatasi ya plastiki, kwani jasho la fulana lina chumvi na mafuta, haliwasaidii.

Orodha imekamilika. Mbao nane za ALL, raba 1.8, nyekundu na nyeusi. Mbao nne za OFF-, daraja la kasi zaidi, tabaka tano, raba 2.0. Kwa watatu wa mashindano nimewaachia wachague raba ya fohandi wenyewe, mradi ubao ubaki ule wanaoujua: kubadili vyote viwili kwa pamoja kunamnyima mtu njia ya kujua kosa limetoka wapi. Mmoja anataka Tenergy. Raba hiyo moja inakula bei ya raketi nzima kadhaa za wadogo, kwa hiyo tofauti ataijazia baba yake.

Gundi: ya maji, chupa mbili. Nimeipigia mstari. Hapa mjini wengi wanabandikia gundi ya viatu. Huko Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1970 waligundua kwamba gundi ya kuzibia pancha za baiskeli inaivimbisha sponji na kuongeza kasi, na mchezo mzima ukanuka kemikali mpaka ikapigwa marufuku mwaka 2008, baada ya Olimpiki ya Beijing. Sitaki watoto wavute hewa hiyo kwenye ukumbi wenye madirisha mawili.

Kijana mrefu: OFF-, tabaka tano, mbao tupu. Nimeifuta ile alama ya kuuliza.

Jumamosi, 17 Mei

Mzigo umefika. Shemeji kaleta kila kitu kama kilivyoandikwa, isipokuwa raba mbili za kijani badala ya nyekundu, "zilikuwa na punguzo". Zina alama ya ITTF, zinaruhusiwa, na watoto wameshaanza kuzigombania.

Tumebandika mchana kutwa. Gundi ya maji inapakwa nyeupe, pande zote mbili, unasubiri mpaka iwe angavu kabisa, ndipo unalaza raba kuanzia mpini kwenda juu na kuibana kwa chupa. Wawili hawakusubiri, raba zao zimeshaanza kuinuka pembeni, wataziondoa na kurudia. Kijana mrefu alikata raba yake kwa wembe kwa uangalifu kuliko wote, akapiga mipira ya kwanza, akasema ubao ni wa polepole.

Nikamwambia apige kwa nguvu anayoisema. Akapiga, ukaingia. Akapiga tena.

Chupa moja ya gundi haijafunguliwa. Nimeiweka kwenye kabati la chini, penye ubaridi. Shemeji harudi Guangzhou hadi Oktoba.