Bibi harusi wa chafya

Leo nawasimulia habari ya pua yangu, na naomba msinicheke.

Tangu nipo skuli, nikiamka alfajiri napiga chafya kumi, kumi na mbili, mpaka mama anajua nimeamka kabla sijatoka chumbani. Pua inaziba, macho yanawasha, kamasi nyepesi kama maji. Kwenye sala ndiyo taabu zaidi: nikisujudu tu, inadondoka. Watu wakiniambia mafua. Mafua gani hayo ya miaka kumi? Daktari ndiye aliyenambia ni mzio wa vumbi la ndani, vile vidudu visivyoonekana kwa jicho vinavyokaa kwenye magodoro na mazulia na kupenda unyevu. Na sisi watu wa kisiwani, unyevu tunao wa kugawa.

Moshi nao unazidisha. Sasa fikirini, nimeposwa na watu wa Mji Mkongwe, nyumba ambayo udi hauzimiki. Siku niliyokwenda kuwaamkia, chetezo kikapitishwa hadi kwangu. Nikapiga chafya juu ya makaa, majivu yakamrukia wifi, nami nikakimbilia uani. Baadaye nikasikia mavyaa ameuliza, "Huyu mtoto anaona sisi tunanuka?" Usiku ule sikulala.

Mama mdogo anayekaa Maskati akaniletea kijimashine cha taa nyekundu. Kina vijiti viwili, unavitia puani, unabonyeza, kinawaka dakika chache kisha kinajizima. Mara tatu kwa siku. Ukizima taa ya chumbani pua nzima inang'ara nyekundu, wadogo zangu wakaniita mnara wa bandarini.

Msikichanganye na tiba nyingine ya mwanga, iliyoanzia kwa madaktari wa Szeged kule Hungaria. Ile hutumia pia miale ya urujuanimno, iliyomo katika jua na inayochoma ngozi, na hufanywa na daktari, si chumbani kwako. Wazo la tiba hizi ni kuzituliza zile chembe za mwili zinazozusha vurugu puani. Utafiti wake bado ni mdogo, na daktari wangu hakunificha: dawa ya kupulizia puani ndiyo ya mwanzo, taa ni nyongeza.

Wiki ya tatu chafya za alfajiri zikashuka hadi tatu, nne. Nikalala usiku kucha kwa kufumba mdomo. Siku moja nikasikia harufu ya kikuba cha mama kabla hajaingia mlangoni, machozi yakanitoka. Lakini niseme kweli: wakati huohuo nilishatoa zulia chumbani, nafua shuka kwa maji ya moto kila wiki, na dawa napulizia. Kipi kilichosaidia? Siwezi kuapa. Anayekuuzia taa kwa ahadi ya kupona kabisa, mkimbie.

Ramadhani ndipo nilipoipenda hasa. Kupulizia dawa mchana kulinitia wasiwasi, kwani wanavyuoni wamehitilafiana (muulize shekhe wako), basi dawa nikaiweka baada ya futari, mchana nikabaki na taa, ambayo haipeleki kitu kooni.

Kilichobaki ni mavyaa. Wiki mbili kabla ya harusi nikaenda peke yangu na kijimashine mkobani, nikamwambia yote, hata sala zangu zinavyokuwa. Alikishika, akakiwasha, akakitazama muda mrefu.

"Mbona hukusema mwanangu? Mimi nilidhani umetudharau."

Akaamua mwenyewe: nguo zangu zifukizwe uani siku mbili kabla na zianikwe upepeni, na chumba cha bibi harusi kisiingizwe chetezo. Somo wangu alinung'unika, bibi harusi gani hafukizwi! Mavyaa akamnyamazisha kwa jicho.

Siku ya harusi nilipiga chafya mbili tu. Ya pili iko kwenye picha.