Gazi, Yanapokutana Maji ya Pepo na Maji ya Chumvi

Kila aliyezaliwa katika nyumba ya mawe ya Mji wa Kale, Mombasa, amelala akizitazama boriti. Sisi nasi tulilelewa chini yake: miti myeusi iliyonyooka, iliyopangwa kwa nafasi sawa kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake mawe na chokaa. Vyumba vyetu ni vyembamba kwa sababu ya miti hiyo, kwani fundi hakuweza kujenga chumba kipana kuliko urefu wa boriti yake. Marehemu babu yetu, mzaa mama, alikuwa akifanya biashara ya boriti. Hata hivyo, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuona mti huo ukiwa hai, umesimama katika tope lake. Hilo ndilo lililotutoa nyumbani Jumamosi moja ya likizo, dada watatu, watoto sita na mama yetu mzazi, tukavuka Likoni mapema na kushika njia ya kusini.

Gazi ni kijiji cha Kwale, yapata kilomita 50 kutoka Mombasa, kabla ya kufika Msambweni. Wapendao historia wanakijua kwa ajili ya Sheikh Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyekuwa na makao yake hapo na ambaye mwaka 1895 aliinuka kupigana na Waingereza. Hatukukawia kijijini, kwa kuwa maji yalikwisha anza kupwa. Siku yenyewe tuliichagua kwa kuutazama mwezi: ilikuwa tarehe 16, siku za bamvua, na katika pwani yetu bamvua hupwa kiasi cha saa nne za asubuhi na hujaa alasiri. Mama hakuhitaji kuambiwa hesabu hiyo na mtu. Aliifundishwa na baba yake, aliyepakia na kupakua majahazi kwa kuifuata.

Ghuba ya Gazi imekingwa na rasi ya Chale upande wa mashariki na miamba upande wa bahari kuu, hivyo mawimbi makali hayaingii. Mito miwili huteremka kutoka vilima vya Shimba ikamwagikia humo: Kidogoweni na Mkurumuji. Maji ya pepo huja na udongo na majani yaliyooza, bahari huja na chumvi, na mara mbili kila siku huchanganyika na kuachana. Msomaji atakumbuka Suratul Furqan inavyotaja bahari mbili, moja tamu na moja ya chumvi kali, na kizuizi baina yake. Tuliisoma aya hiyo chuoni tukiwa watoto. Pale Gazi tuliona kwa macho yetu ni viumbe wangapi wanaoishi penye mpaka huo.

Wanawake wa kijiji wamejenga njia ya mbao inayopita juu ya tope katikati ya mikoko, na mgeni hulipa kiasi kidogo kupita. Tulipokewa na mama mmoja wa miaka sitini na kitu. Watoto wakamshika mkono wakamwamkia, naye akamwita mama yetu Bi Mkubwa tangu hapo hadi tulipoagana. Alitufahamisha kwamba watu wa mjini husema "mikoko" kana kwamba ni mti mmoja, ilhali ghubani mna aina tisa, na kila mmoja una mahali pake. Mlilana husimama mbele, miguu yake majini. Nyuma yake ndiko uliko mkoko wenyewe, wenye mizizi iliyopindana kama matao ya msikiti, kisha mkandaa na muia. Mchu ndio mvumilivu kupita yote, nao huweza kukaa mbele na nyuma pia.

Alichuma jani la mchu akampa mtoto wetu mdogo alirambe. Lilikuwa chumvi tupu. Mti huo hunywa maji ya bahari, ukaitoa chumvi kupitia majani yake. Mizizi yake huchomoza kutoka topeni mfano wa vidole, maelfu kwa maelfu, kwa kuwa ndani ya tope hamna hewa na mti hauna budi kupumulia juu. Mkoko nao hauangushi mbegu kavu kama miti mingine. Mbegu huota ingali juu ya mama yake, ikarefuka mfano wa mkuki wa kijani, na inapoanguka hujichoma topeni ikasimama, au huelea na maji ikatafute kwao kwingine. Mama alisikiliza haya kwa makini, kisha akasema kwamba ni mti unaolea.

Chini yetu kaa walikuwa kazini, kila mmoja akivuta jani shimoni mwake. Kutokana na kazi hiyo majani huvunjwavunjwa yakawa chakula cha viumbe wadogo, nao wakaliwa na wana wa kamba na wa samaki, ambao hujificha katika mizizi ambamo samaki mkubwa hawezi kupenya. Wakishapata nguvu, hutoka wakaelekea kwenye nyasi za bahari na miambani. Basi baadhi ya kamba na samaki tunaowapigania bei sokoni Mackinnon walikulia mahali kama hapa. Watoto, wakweli kama kawaida yao, walivutiwa zaidi na samaki wa topeni anayetembea nchi kavu na kurukaruka kama chura. Mmoja aliteremka kumfukuza na kiatu chake kikabaki Gazi.

Njia ya mbao ilipokwisha, mwenyeji wetu alituongoza nyuma ya msitu, upande wa nchi kavu. Miti ilikatika ghafla. Mbele yetu palikuwa na uwanja mweupe, ardhi imepasuka, chumvi imeng'aa juani, na pembezoni vijimea vifupi vyenye majani manene yaliyojaa maji. Mahali pa namna hii hupatikana kiasili nyuma ya mikoko mingi, ambako bahari hufika siku za bamvua tu. Lakini huu, alisema, haukuwa wa asili.

"Bi Mkubwa, mimi nikiwa msichana hapa palikuwa na giza la miti. Yakaja malori. Zilitakiwa kuni za kuchomea chokaa na matofali. Waliokata ni baba zetu na kaka zetu, na fedha ile ndiyo tuliyokula."

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini. Kivuli kilipoondoka, jua lilikausha maji na kuiacha chumvi, bamvua baada ya bamvua, hata ardhi ikawa kali kuliko bahari yenyewe. Mbegu zilizoletwa na maji zilikufa. Tulikuwa tukidhani kwamba pwani ikiachwa itajirudisha yenyewe. Uwanja ule umeachwa karibu nusu karne.

Tangu mwaka 1991 watafiti na wanakijiji wamekuwa wakipanda upya ghubani, na sehemu nyingi sasa ni msitu. Mwaka 2013 wana Gazi na wenzao wa Makongeni walianza mradi wa Mikoko Pamoja, unaolinda hekta 117. Miti hii huvuta hewa ya ukaa na kuizika topeni, ambamo haiozi upesi. Watu wa ng'ambo hulipia kazi hiyo, na fedha zake zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Tunakiri kwamba biashara ya kuuza hewa ilitustaajabisha, na dada yetu mkubwa bado haijamwingia akilini. Maji ya bomba tuliyatilia udhu kwa adhuhuri.

Tulipokuwa tukila wali wa nazi na samaki wa kupaka, mama aliuliza jambo lililokuwa likimkaa moyoni. "Marehemu baba yangu, je, alinunua huku?"

"Allahu a'alam, Bi Mkubwa. Boriti nyingi za Mombasa zilitoka Lamu."

Mama aliitikia kwa kichwa. Alitueleza wakati ule, kwa mara ya kwanza, jinsi babu alivyozipanga korija kwa korija ufuoni, fito, pau, mazio na boriti kila moja mahali pake, zikingoja majahazi ya Arabuni, na jinsi serikali ilivyopiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982, naye akakaa barazani miezi asijue la kufanya. Sisi siku zote tuliihesabu marufuku ile kuwa dhuluma iliyotupata. Mama hakusema kama ilikuwa dhuluma au la.

Alasiri maji yalirudi bila ya sauti, yakapanda juu ya vidole vya mchu, yakafika hadi ukingo wa uwanja mweupe. Kwenye ukingo huo wanawake walikuwa wamepanda safu mbili za miche ya mchu, iliyofika magotini. Tulihesabu 31 iliyo hai. Mama aliishika mmoja jani, akaliramba.

Usiku, tukiwa tumelala wote chumba cha juu kwa kuwa umeme ulikatika na joto lilizidi, tulimsikia gizani akihesabu tena kwa sauti ndogo, akiwa amelala chali. Alifika 22, akaanza upya kutoka ukutani.