Kompani Moja au Mbili

Mimi sikusomea sheria. Watu wa Kakanda waliniita "Metre", kama wanavyoitwa mawakili, nami niliitika kwa haya kidogo, maana kazi yangu kwa avoka mmoja wa Likasi ilikuwa kupiga chapa, kubeba mafaili na kuwaeleza wateja kwa Kiswahili yale ambayo karatasi zilisema kwa Kifaransa. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonitoa jasho.

Kesi ninayoikumbuka kuliko zote haikuandikwa katika kitabu chochote. Lori la mawe ya shaba liliacha njia, likaangusha ukuta wa mama mmoja na kufukia magunia ya unga aliyokuwa akiuza. Dereva alikimbia. Kampuni, ambayo sitaitaja, ilijibu kwa mistari mitatu: lori si letu, ni la mkandarasi. Mkandarasi mwenyewe hakuwa na ofisi. Alikuwa na namba ya simu tu.

"Sasa Metre," mama akaniuliza, "kompani iko moja ao iko mbili?"

Avoka alifungua dekreti ya 30 Julai 1888, ya enzi za Leopold wa Pili. Kifungu cha 258 kinamtaka mwenye kosa alipe hasara aliyoileta, cha 259 kinaingiza na uzembe, na cha 260 kinambebesha bwana makosa ya mtumishi wake akiwa kazini. Basi, dereva alitumwa na nani? Mama akafungua fundo la kitenge, akatoa kikaratasi alichookota barabarani siku ile: ruhusa ya kutoka getini, yenye muhuri wa kampuni. Avoka alikishika kama mtu anayeshika yai.

Kesi ikiwa bado inaahirishwa, Julai 2012 ikatoka hukumu ya Baraza la Faragha la London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa kisiwa cha Jersey. Energoinvest ya Sarajevo ilikuwa ikiidai nchi yetu, Kongo, fedha za njia za umeme. FG Hemisphere ya Marekani ililinunua deni hilo, ikashindwa Hong Kong mwaka 2011, na kule Jersey ikataka kukamata mali ya Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, pamoja na hisa zake katika ubia wa kuyeyusha ule mlima mweusi wa mabaki ya madini wa Lubumbashi. Mahakama za Jersey zilikubali: Gécamines na serikali ni kitu kimoja. London ikakataa. Kampuni ya serikali yenye hesabu na shughuli zake ni mtu wa peke yake, na hailipi deni la serikali ila pale ambapo wawili hao hawatenganishiki kabisa.

Ofisini tulishangilia. Nani angependa fedha za mlima ule ziende kwa wanunuzi wa madeni? Lakini jioni, nikipiga chapa majibu ya upande wa pili, nilikuta hoja ileile imevaa shati jingine: sisi na mkandarasi ni watu wawili. Mlango uliotuokoa sisi ndio waliotaka kutokea wao. Nilimwambia avoka. Akacheka, akasema tofauti iko kwenye muhuri: sisi hatumtafuti mwenye hisa, tunamtafuta aliyetoa amri.

Hukumu haikutoka. Kampuni iliomba kupatana, ikalipa ukuta. Unga haikulipa, kwa kuwa mama hakuwa na risiti, na mimi ndiye niliyetumwa Kakanda kumweleza.