Mwanafunzi Mwenye Mvi

Wazee walinena kuwa elimu ni bahari. Mimi ni mzaliwa wa Ikuti, Rungwe, penye mvua na migomba, mbali na pwani. Maana ya usemi huo niliipata nikiwa na miaka 51, nilipoacha kazi ya kusimamia ukusanyaji wa majani ya chai, nikaenda Mzumbe, chini ya Milima ya Uluguru, kusomea uzamili wa uongozi wa biashara kwa muda wote.

Mama hakunikataza. Aliuliza tu: "Mwanangu, ada hiyo ni ng'ombe wangapi?" Sikuwa na jibu.

Darasani vijana waliniita mzee, wakaniachia kiti cha mbele. Siku moja tulipewa hesabu ya kiwanda cha chai. Waliimaliza upesi, faida ikatoka nono. Nikawaambia: jani bichi halingoji; gari likikwama matopeni hadi kesho yake, faida hiyo ni ya karatasi. Wakanyamaza, nami nikajiona bingwa. Ndipo mwalimu akaniomba niiandike ubaoni hasara ya kuchelewa huko. Chaki ikatetemeka mkononi. Miaka 25 nimeiona hasara ile kwa macho, wala sikuwahi kuihesabu. Kijana wa rika la mwanangu akainuka, tukaihesabu pamoja.

Likizo ilipofika nilimwambia mama: "Ng'ombe watano."

Akanitazama kitambo. "Basi," akasema, "wachunge vema."