Nusu ya Ufunguo

Tunaopangiwa mazoezi ya kichungaji vigangoni hatuchagui gari. La kwetu lilinunuliwa kwa bei ya chee, na ufunguo wake ulikuwa umelika kwa miaka ya kuzungushwa kwa nguvu. Jioni moja ya Kwaresima ukakatika: kichwa mkononi, ulimi ndani ya swichi. Na katika kigango cha mbali mama mmoja alikuwa mahututi, akisubiri Mpako wa Wagonjwa. Padre akapanda bodaboda na mafuta matakatifu. Sisi tukabaki, kwa kuwa mama angehitaji gari la kumfikisha hospitali.

Mmoja wetu akashika waya achokonoe. Katekista, fundi wa zamani, akamzuia: kipande kikizama zaidi, kazi imeharibika. Kwanza akahakikisha swichi iko kwenye alama ya kuzima, kwani ikiwa katikati vibati vya ndani hukishika kipande kisitoke. Akadondosha mafuta ya cherehani kidogo, akapenyeza uwembe mwembamba wa msumeno ubavuni mwa kipande, meno yakielekea kwetu, akavuta polepole. Mara ya nne kikatoka. Tulipiga makofi kama watoto.

Hapo ukuukuu wa gari ukatufaa. Magari mengi ya siku hizi hayawaki pasipo chipu iliyo kwenye ufunguo; wetu ulikuwa chuma kitupu. Fundi wa funguo pale stendi aliunganisha vipande viwili, akachonga mwingine kwa kuvifuatisha.

Tulifika saa mbili usiku. Mama alikuwa amekwisha kupakwa mafuta. Tukamlaza kiti cha nyuma, binti yake akampakata kichwa, tukaondoka.